UZI: Nani aliamua busu kwenye muvi za Krismasi za runinga lije dakika ya mwisho?

Mdau wa Sebuleni (mleta uzi)
Wakuu salaam. Msimu umeanza, king'amuzi kimejaa theluji wakati huku Sinza feni inakata roho. Juzi imepita ile ya mwanasheria wa jiji kubwa aliyetumwa mji mdogo kufunga kiwanda cha mishumaa. Anakutana na mjane muuza miti ya Krismasi, mtoto wa mjane anajifanya mshenga, basi. Dakika ya 30 wameshikana mikono barafuni. Dakika ya 45 wamepakana unga wa biskuti puani. Dakika ya 60 nyuso zimekaribiana, mbwa akaingia. Busu lenyewe dakika ya 83, sekunde tatu, midomo imefungwa kama bahasha. Majina ya waigizaji yanapanda.

Si hiyo tu, zote ziko hivyo. Nani aliweka hii sheria, na kwa nini? Naomba majibu ya wanaojua utengenezaji, siyo "wazungu ndivyo walivyo".

Fundi Taa
Matangazo, mkuu. Nafasi ya runinga Marekani ni saa mbili, ukitoa matangazo zinabaki dakika kama 84 hadi 88. Skripti za muvi hizi huandikwa kwa vipande tisa, na kati ya kipande na kipande kuna tangazo. Cha kwanza ndicho kirefu, kinaweza kukaribia dakika 20, kwa sababu mtazamaji ambaye hajawajua wahusika ukimkatia tangazo anahama chaneli. Vinavyofuata vinapungua hadi dakika saba au nane.

Sasa kila kipande lazima kiishie na ndoano ya kumrudisha mtu aliyekwenda jikoni. Simu imeita, mchumba wa zamani amegonga mlango, barua ya bosi imeonekana mezani. Busu ni ndoano kubwa kuliko zote. Ukilitumia kipande cha tano, cha sita hadi cha nane unaning'iniza nini? Ndiyo maana dakika ya 60 wanakaribia tu halafu mbwa anaingia. Angalia vizuri, baada ya mbwa skrini inaingia giza nusu sekunde. Pale palikuwa na tangazo, hata kama wewe unaangalia bila matangazo.

BintiUpanga
Hilo la giza nimelipenda, asante. Ila hoja haifiki mwisho. Netflix walipoingia uwanjani na A Christmas Prince mwaka 2017 hawakuwa na tangazo hata moja. Kifurushi chao chenye matangazo kilianza Novemba 2022. Bado mpangilio ni uleule: siri, kugundulika, kuachana, kurudiana mwaka mpya ukiingia. Kama tangazo ndilo linaloamua, kwa nini wasio na tangazo hawakubadilisha?

Sababu ni aina ya hadithi. Hadithi ya mapenzi inaendeshwa na swali moja tu, watapatana au hawatapatana? Swali likijibiwa, hadithi imekufa. Hakuna muuaji wa kutafutwa, hakuna bomu. Ukitoa busu mapema unabaki na watu wawili wanaopamba mti.

Mangi wa Mbezi
Steringi hafi, steringi habusu. Nimemaliza.

Fundi Taa
@BintiUpanga Netflix waliiga umbo ambalo watu walishalizoea. Mwandishi aliyezoea vipande tisa hawezi kuandika vinne kwa sababu tu tangazo limeondolewa. Na muvi nyingi zilizomo humo zilinunuliwa zikiwa zimeshatengenezwa kwa ajili ya runinga.

Kalamu ya Mwenge
Nyote mnazunguka. Tazameni nani analipa. Hallmark wana chaneli, lakini kabla ya chaneli ni kampuni ya kadi, ilianza Kansas City mwaka 1910. Kadi ya Krismasi inanunuliwa na bibi, inasomwa na mjukuu. Muvi lazima ikae sebule moja na hao wote bila mtu kutafuta rimoti. Busu la dakika ya 83 ndilo linalowezekana mbele ya bibi. Walianza muvi za Krismasi mwaka 2009 na hawajabadilisha fomula.

Mhariri Mstaafu
Marekebisho. Kilichoanza 2009 ni msimu wao wa kuhesabu siku kuelekea Krismasi, ambao siku hizi unafunguliwa Oktoba haijaisha. Chaneli ilichukua jina la Hallmark mwaka 2001, na muvi za Krismasi zilikuwepo kabla ya huo msimu. Kampuni kwenye runinga ni ya zamani zaidi. Udhamini wao mkubwa ulianza tarehe 24 Desemba 1951 kupitia NBC, na kilichoonyeshwa kilikuwa opera ya Krismasi ya Gian Carlo Menotti, opera ya kwanza kutungwa kwa ajili ya runinga. Kwa hiyo Krismasi na kadi vilikutana hewani zaidi ya miaka 70 iliyopita, na mapenzi ya mji mdogo yakaja baadaye sana.

Msisahau pia kuwa wanazionyesha tena Julai. Muvi inayorudiwa kila mwaka mara mbili lazima iwe kitu ambacho mtu anaweza kukikuta katikati akajua kiko wapi. Kwa mpangilio huu ukiwasha runinga ukakuta wanapamba biskuti, unajua nusu bado. Hilo nalo ni jibu, na halihusu bibi wala tangazo.

Kalamu ya Mwenge
Mzee umekuja na tarehe zako zote. Shikamoo. Bibi bado yuko sebuleni lakini.

Dada Kariakoo
Mimi nina jibu la hela. Muvi hizi kwa kawaida zinatengenezwa kwa dola milioni moja hadi mbili na kupigwa kwa wiki mbili au tatu, nyingi siku 15. Skripti ya kurasa 105 kwa siku 15 ni kurasa saba kwa siku. Filamu kubwa ya sinema inaenda kurasa moja hadi tatu kwa siku. Kwa kasi hiyo huna muda wa sini ya mapenzi yenye uzito, inayohitaji mazoezi, taa za peke yake, seti iliyofungwa watu wasipite. Busu fupi la kusimama nje, kamera mbili, maruduo mawili, yaani mnaipiga sini mara mbili, mmemaliza. Hata ugomvi wao ni wa kusimama mlangoni kwa sababu hiyohiyo.

Na kila lokesheni lazima ilipe. Duka la kahawa lile lile linapigwa asubuhi kama duka la kahawa, mchana wakigeuza kamera linakuwa ofisi ya gazeti.

Mdau wa Sebuleni
Dada Kariakoo ahsante, hapo kuna mwanga. Sasa hebu tuseme na hivi vikombe vya kahawa. Mbona wanavipeperusha kama vitupu?

Dada Kariakoo
Kwa sababu ni vitupu. Kinywaji kinamwagika kwenye koti, na koti lipo moja au mawili tu. Kinapungua pia, kwa hiyo ruduo la tatu kikombe kiko juu, la nne kiko chini, mwendelezo umeharibika. Dawa ni uzito. Tia mchanga kwenye mfuko wa rambo, funga, weka ndani ya kikombe, bandika mfuniko. Mkono wa mwigizaji utajirekebisha wenyewe, hutahitaji kumfundisha. Usitumie mawe, yanagonga na kipaza sauti kinayadaka.

Mangi wa Mbezi
Mfuko wa rambo umepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, dada yangu. Unataka seti yote ikalale polisi?

Dada Kariakoo
Soksi basi. Soksi ya mtoto, mchanga robo kilo. Mangi una kazi kweli?

Fundi Taa
Maji pia yanafaa, theluthi moja ya kikombe, mradi mfuniko ubane. Mdomo wa mwigizaji ndio shida inayobaki, anameza hewa halafu anazungumza hapohapo. Mtu aliyekunywa kitu cha moto anachelewa nusu sekunde.

Kijana wa Tabata
Wadau, na theluji? Ile inayodondoka taratibu wakati wa busu ni ya kweli?

Fundi Taa
Mara nyingi hapana. Nyingi zinapigwa British Columbia na Ontario huko Kanada, na kwa kuwa lazima ziwe tayari Oktoba, zinapigwa hata Juni na Julai. Theluji huwa na aina nne na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya mbali, nyuma kabisa, ni blanketi jeupe la poliesta lililotandikwa juu ya majani. Ni rahisi, lakini mtu asilikanyage, linajikunja. Ya katikati ni karatasi iliyosagwa inayopulizwa na mashine. Unalowesha kwanza ardhi na matawi ili ishike, la sivyo upepo unaihamishia kwa jirani. Wanapotembea waigizaji ni barafu halisi iliyosagwa inayoletwa na lori, kwa sababu ndiyo pekee inayolia vizuri chini ya kiatu. Hiyo inayeyuka, unarudishia kila baada ya saa chache, na matope yanayobaki ndiyo yanayoangusha watu. Inayodondoka ni povu kutoka kwenye mashine. Mashine ina kelele. Ndiyo maana ukichunguza, theluji ikidondoka sana hawazungumzi. Wakizungumza, theluji iko mita kadhaa nyuma yao. Na hapo umepata sababu nyingine ya busu kuwa mwisho: wakati wa busu hakuna maneno, basi unaiwasha mashine yote.

BintiUpanga
Hahaha, kwa hiyo busu linangoja mashine ya povu. Hiyo ni ya kwanza kuisikia.

Mhariri Mstaafu
Ya povu ina historia. Zamani walitumia vipande vya mahindi vya kifungua kinywa vilivyopakwa rangi nyeupe. Vilikuwa vinalia mno chini ya miguu, mazungumzo yakawa yanarekodiwa upya studio. Kwa It's a Wonderful Life ya Frank Capra ya mwaka 1946, mafundi wa studio ya RKO walichanganya dawa ya kuzimia moto na sabuni na maji, wakapata theluji isiyo na kelele, na idara yao ikapewa tuzo ya ufundi. Nayo ilipigwa kwenye joto. Mwaka 1974 mwenye hakimiliki ya filamu hiyo hakuihuisha, ndiyo maana vituo vya runinga viliirusha bure kila Desemba hadi ikawa kawaida ya sikukuu.

Kijana wa Tabata
Kwa hiyo nitajuaje kama ni Julai?

Fundi Taa
Pumzi kwanza. Baridi kweli, mtu akiongea mvuke unatoka. Hakuna mvuke, ni Julai, au wameuongeza kwa kompyuta, na ukiongezwa huwa unachelewa na neno. Pili miti. Misonobari haikusaidii, iko kijani mwaka mzima, tafuta mti wa majani mapana nyuma ya kanisa. Tatu vivuli, hapa hawana ujanja. Vancouver iko nyuzi 49 kaskazini. Saa sita mchana Desemba jua liko kama nyuzi 17 tu juu ya upeo, mtu wa futi sita anaangusha kivuli cha futi 19. Juni jua liko nyuzi 64, kivuli chake ni futi tatu. Ukiona makoti mazito na vivuli vifupi miguuni, umeshajua.

Dada Kariakoo
Ongeza usiku. Mwishoni mwa Juni kule jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku na kuchomoza saa kumi na moja alfajiri. Giza la kupigia sini za taa za Krismasi ni saa chache, na kuna mtoto kwenye hadithi ambaye sheria inazuia saa zake za kazi. Ndiyo maana sherehe ya kuwasha mti mara nyingi inapigwa sekunde chache kwa mbali, halafu ghafla tuko ndani ya ukumbi wenye mapazia.

Kalamu ya Mwenge
Wanavumilia shida zote hizo Kanada kwa sababu serikali ya kule inawarudishia theluthi ya bajeti. Wangebaki Marekani wangepata theluji bure.

Dada Kariakoo
Siyo theluthi ya bajeti. Ni asilimia ya mishahara ya wafanyakazi wa hapo hapo. Serikali kuu asilimia 16, na British Columbia asilimia 28, iliyopandishwa hadi 36 kuanzia Januari 2025. Nauli ya ndege ya steringi kutoka Los Angeles haimo, mishumaa haimo. Ndiyo sababu steringi wawili tu ni Wamarekani na mji mzima uliobaki, meya, mwokaji, mchungaji, ni Wakanada wale wale. Ukiwa unaziangalia sana utamkuta meya wa wiki hii akiwa daktari wiki ijayo.

Kijana wa Tabata
Kumbe yule meya!

Mangi wa Mbezi
Na nyimbo je? Kila muvi wimbo ni ule ule wa kengele.

Mhariri Mstaafu
Kwa sababu ni bure. Usiku Mtakatifu ni wa 1818, Jingle Bells ni ya 1857, hakuna mrithi wa kulipwa kwa utunzi. Mwimbaji na studio unawalipa, mtunzi hapana. Wimbo wa miaka ya karibuni unalipiwa mara mbili, kwa utunzi na kwa rekodi. Hata hapa kwetu mtu asijidanganye, mtunzi akiwa hai unamtafuta yeye au wanaosimamia haki zake.

BintiUpanga
Turudi kidogo. Kalamu ya Mwenge alisema bibi. Nataka kumpa nusu ya hoja. Ikichezwa sebule ya hapa Dar, busu la dakika ya 83 bado ni la mapema. Baba mkwe amekaa hapo, kila mtu anatazama simu yake.

Mangi wa Mbezi
Ndiyo maana naomba mtu aitengeneze ya kwetu, maana hadithi ipo tayari na wala si ya kubuni. Binti wa Masaki, ana cheo benki, hajapanda Moshi miaka mitano. Desemba mama anapiga simu. Mji mdogo upo, unaitwa Marangu. Kijana aliyebaki nyumbani na migomba yupo, sweta analo. Hakuna kabila duniani linaloigiza hii muvi kila mwaka kama sisi na hatulipwi.

Dada Kariakoo
Hahahaha. Mangi hapo umesema jambo.

Kalamu ya Mwenge
Theluji mtaipata wapi? Kibo iko mbali na sebule.

Mangi wa Mbezi
Theluji ya nini? Tuna mkrismasi unachanua mwekundu Desemba nzima. Maua yakidondoka barabarani wakati wa sini ya mwisho, mashine haihitajiki, mtoto mmoja anapanda anatikisa tawi.

Fundi Taa
Tahadhari ya taa. Desemba saa sita mchana jua liko karibu na utosi, nyuso zinaingia giza machoni. Piga kabla ya saa nne asubuhi, ukapumzike ndani, rudi saa kumi. Jioni usizembee, huku kwetu jua likishuka giza linaingia kama dakika ishirini tu baadaye. Vancouver wana jioni ndefu, sisi tuna jioni ya ruduo mbili.

BintiUpanga
Na badala ya kupakana unga wa biskuti?

Dada Kariakoo
Wanamenya ndizi za mtori. Ila wapake mafuta ya kula mikononi kwanza, utomvu wa ndizi mbichi unatia weusi na hautoki siku hiyo. Ukipiga sini ya ndizi asubuhi na sini ya kuvishwa pete mchana, vidole vitakusaliti. Weka ndizi siku ya mwisho ya ratiba, hata kama kwenye hadithi iko dakika ya 45. Vinywaji vilevile, mbege ikiwa kwenye kata haionekani imepungua, hiyo ni faida. Lakini ukionyesha inavyotengenezwa usiweke sukari na hamira, watu wa Rombo watakuandikia barua. Ni ndizi mbivu, ulezi uliooteshwa, na gome la msesewa kwa uchungu.

Mhariri Mstaafu
Kipande cha nane ndicho kitakuwa kizuri kuliko chao. Kule mkosaji anakimbilia uwanja wa ndege, anatoa hotuba mbele ya abiria. Uchagani mkosaji anatuma jani la sale. Aliyeletewa sale ni vigumu sana kukataa kusamehe, na kila mtu ukumbini anajua hivyo. Hakuna hotuba. Mzee anaingia na jani mkononi, kamera inakaa usoni kwa binti. Dakika mbili bila neno.

Kalamu ya Mwenge
Na busu?

BintiUpanga
Busu la nini, mzee kaleta sale. Baada ya hapo ni mshenga na mahari. Mwisho wa muvi ni kikao.

Fundi Taa
Basi hoja yangu ya ndoano inasimama palepale, kilichobadilika ni kitu kinachoning'inizwa. Kikao nacho kinaweza kukatizwa mara tatu na mjomba aliyechelewa.

BintiUpanga
Na yangu pia, swali ni lile lile, watapatana au hawatapatana.

Kalamu ya Mwenge
Na bibi yuko kwenye kikao. Kwa hiyo nimeshinda mimi.

Kijana wa Tabata
Wanakutana wapi lakini? Kule huwa wanagongana na kahawa.

Mangi wa Mbezi
Treni ya Moshi, ile iliyorudi Desemba 2019. Inaondoka Dar mchana, mnaamka njiani. Basi la Mbezi Luis halifai, kila mtu amelala na redio iko juu.

Dada Kariakoo
Treni ni nzuri kwa hadithi na mbaya kwa sauti. Reli inagonga, kila ruduo mlio ni tofauti, ukija kuunganisha maneno yanaruka. Utahitaji kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya shirika la reli, na treni haitakusubiri ukisema "tena". Njia ya kawaida ni kuomba behewa lililosimama. Piga ndani usiku, madirisha meusi. Watu wawili nje wanasukuma behewa kwa nondo lipate mtikisiko mdogo, wa tatu anapita na taa pembeni ya dirisha kila sekunde nne, tano, kama nguzo zinazopita. Mlio wa reli unarekodi siku nyingine, unautandika chini ya mazungumzo yote kwa pamoja.

Fundi Taa
Behewa ni tani arobaini, hao wawili wa nondo watalia. Tikisa kamera na shuka la pembeni, inatosha. Taa ipite chini ya usawa wa macho, ikiwa juu inaonekana ni taa ya barabarani.

Mangi wa Mbezi
Wa nondo nawatoa mimi, vijana wa Mbezi wapo. Nani anaandika skripti?